Sura ya Tano: Machweo ya Pande Mbili

Tangu zama zile ambazo Mwana Kupona binti Mshamu, mnamo mwaka 1858, alimwita binti yake akae karibu naye ili amwusie mambo ya dini, ya nyumba na ya murua, fasihi yetu imezoea kusema na vijana kwa kinywa cha mzazi. Wala si yetu peke yetu, kwa maana aghalabu ya mataifa yaliyopata kuwaandikia vijana wao yaliwaandikia kwa mkono wa mtu mzima, aliyekwisha kuuvuka ujana, akageuka kuutazama kwa huruma au kwa hofu, kisha akatoa nasaha. Siudharau wasia hata kidogo. Utendi wa Mwana Kupona ungali hai leo kwa kuwa mama aliyeutunga alikuwa mgonjwa, akijua kwamba siku zake si nyingi, na mapenzi yake kwa mwanawe yamo katika kila ubeti. Lakini kijana ana haja nyingine ambayo wasia, uwe bora namna gani, hauwezi kumkidhia, nayo ni haja ya kutazamwa na kijana mwenziwe, akatambuliwa jinsi alivyo; na haja hiyo hukidhiwa vema zaidi pale ambapo anayetazama ni mtu asiyekuwa na sababu yoyote ya kusimama akatazama. Kitabu nilichokusudia kukieleza katika sura hii kiliandikwa kwa haja hiyo, na aliyekiandika hakuwa mzazi wala mwalimu. Ni riwaya iitwayo The Outsiders, iliyotolewa na wachapishaji wa Viking huko Marekani mwaka 1967.

Mwandishi wake, Susan Eloise Hinton, alizaliwa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, mwaka 1948. Alianza kukiandika akiwa na miaka 15, sehemu kubwa ya kazi akaifanya alipokuwa na miaka 16, na kilipotoka alikuwa na miaka 18. Jina lake halikuandikwa kwa ukamilifu kwenye jalada. Ziliwekwa herufi mbili tu, S. E., kwa kuchelea kwamba wahakiki wanaume, wakijua kuwa kisa cha magenge ya wavulana kimetungwa na msichana, wangekihukumu kabla ya kukifunua. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba kilichomsukuma ni rafiki yake aliyeshambuliwa na kupigwa alipokuwa akirudi nyumbani kwa miguu kutoka sinema, bila kosa ila lile la kuwa mtoto wa mtaa mnyonge. Na kwamba vitabu vya vijana vilivyokuwa madukani siku zile, vilivyojaa dansi za shule na mapenzi ya kwanza, havikuwa na hata ukurasa mmoja uliofanana na mambo aliyoyaona kila siku katika ujia wa shule yake. Na mwaka uleule aliokuwa akikiandika, alama aliyopata katika somo la utunzi ilikuwa miongoni mwa zile za chini.

Mji wa kisa hautajwi jina, ingawa kila aijuaye Tulsa huitambua. Vijana wake wamegawanyika makundi mawili. Upande wa mashariki wanakaa Greasers, watoto wa maskini, wenye nywele ndefu zilizopakwa mafuta mengi, ambao jina lao lenyewe ni tusi walilolipokea wakalifanya fahari. Na upande wa magharibi wanakaa Socs, watoto wa matajiri, wenye magari mapya na mashati ya thamani, ambao wakifanya ukorofi Jumamosi husifiwa Jumatatu kuwa ndio tegemeo la taifa. Msimulizi, Ponyboy Curtis, ana miaka 14. Wazazi wake wamekufa pamoja katika ajali ya gari, na analelewa na kaka zake wawili: Darry, mwenye miaka 20, aliyeyaweka kando matumaini ya chuo akaenda kuezeka mapaa, na Sodapop, wa miaka 16, aliyeacha shule akafanya kazi katika kituo cha petroli. Sahibu yake ni Johnny Cade, kijana mdogo wa umbo, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kupigwa mara nyingi, maana babaye humpiga, mamaye hamjali, na Socs walipata kumvamia uwanjani wakamwacha nusura ya kufa, na kovu la pete likabaki usoni mwake. Tangu siku hiyo Johnny hatembei bila kisu cha kukunja mfukoni.

Sasa na tuiangalie ile jioni ya sinema, maana ndipo ulipo moyo wa kitabu. Ni sinema ya uwanjani, ambako watu hutazama picha wakiwa ndani ya magari yao, na mbele kuna viti kwa wasiokuwa na magari. Wasichana wawili wa Socs wamekaa kwenye viti hivyo kwa sababu wamewaacha wavulana wao waliokuwa wakilewa. Mmoja wao ni Cherry Valance, msichana mwenye nywele nyekundu, mashuhuri katika shule anayosoma Ponyboy. Hapo wako pia Ponyboy, Johnny na Greaser mwenzao, Dallas Winston, aliyetoka kifungoni majuzi, ambaye anaanza kuwasemesha wasichana maneno machafu, na alipomletea Cherry soda kwa kumbembeleza, msichana akammwagia usoni. Ndipo Johnny, yule mnyonge wa wote, ambaye kamwe hakuwahi kumpinga Dallas, anapomwambia aache. Na Dallas, kwa kustaajabu kuliko kwa kutii, anaondoka zake. Cherry anawaomba wale vijana wawili waje wakae karibu naye na rafiki yake. Baadaye yeye na Ponyboy wanakwenda kununua bisi, na hapo, katika foleni ndefu ya watu wanaosubiri kuhudumiwa, kijana anamsimulia msichana asiyemjua mambo yaliyompata Johnny siku ile ya kupigwa. Uso wa Cherry unapauka. Hakuombwa msamaha, wala hakutoa. Alisikiliza tu mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba kwao nako yako mashaka yake, ingawa si yale ya njaa na kofi.

Natamani kila mwandishi wa vijana angeisoma foleni ile taratibu, kwa kuwa ndani yake limo jambo ambalo wengi wetu hatulithubutu. Tukiandika urafiki wa watu wa tabaka mbili, twapenda kuuanza kwa tendo kubwa, mathalan mmoja amwokoe mwingine katika maji, ili msomaji asiulize sababu. Hinton ameuanza kwa watu wawili wenye zamu ya kununua bisi. Na walipokuwa wakitembea usiku ule, wakagundua kwamba wote wawili wanapenda kutazama jua linapotua: msichana hulitazama barazani kwao, mvulana kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yao, na jua ni lilelile. Kijana huyu alikuwa amejidhania kuwa na kasoro, kwa sababu hapana yeyote katika genge lake, ila Sodapop na Johnny, anayeweza kukaa naye akizungumza habari za mawingu na vitabu. Na sasa anatambua kwamba lile analolificha kama aibu ni kitu ambacho mtu mwingine, kutoka mahali ambapo hakupatarajia kabisa, anacho vilevile na wala hakionei haya.

Lakini Hinton hakuishia hapo, na ukweli wake ndio unaonifanya nikiheshimu kitabu hiki kuliko vingi vilivyokifuata. Gari la wavulana wa Socs linakuja, ugomvi unanukia, na Cherry, ili kuuzuia, anakubali kupanda na kwenda nao. Kabla ya kuondoka anamweleza Ponyboy kwamba akimwona shuleni na asimsalimu, asidhani kuwa amemchukia. Mambo ndivyo yalivyo. Maneno hayo ni makali, na anayeyasema si msichana mbaya. Anayasema kwa unyofu, kwa sababu anajua nguvu ya dunia anamoishi na anajua udhaifu wake mwenyewe, na hataki kumpa kijana ahadi asiyoweza kuitimiza. Watu wazima wengi wangelikifuta kipande hicho, kwa kuogopa kwamba kitawavunja moyo wasomaji wadogo. Mimi nadhani hicho ndicho kilichowafanya wasomaji wadogo wakiamini kitabu kizima, kwa kuwa kila mwanafunzi aliyepata kuwa na rafiki wa nyumbani ambaye shuleni hupita akiangalia pembeni, alijua papo hapo kwamba aliyeandika haya hamdanganyi.

Usiku huohuo mambo yanaharibika. Darry anamzaba Ponyboy kofi kwa kuchelewa kurudi. Ponyboy anakimbia na Johnny mpaka bustanini. Socs wanawakuta, wanamzamisha Ponyboy katika maji ya chemchemi, na Johnny, aliyekuwa akisubiri kwa miezi kupigwa tena, anamchoma kisu Bob, kijana wa Cherry, akafa. Vijana wawili wanatoroka, wakajificha katika kanisa lililoachwa, juu ya mlima.

Huko kanisani ndiko kijana anakopitia mtihani wake mkubwa, nao hauhusiani na polisi. Johnny anarudi kutoka dukani na mkate, nyama, karata, kitabu kikubwa cha hadithi, na chupa ya dawa ya kugeuza rangi ya nywele, kwa sababu watu wanatafuta wavulana wawili wenye sura fulani na lazima sura zibadilike. Ponyboy anasihi. Kwa mtu asiyeyajua maisha ya watoto wale, ni jambo dogo. Lakini katika nyumba ambamo hakuna fedha, wala gari, wala jina la baba, nywele zile ndizo fahari pekee aliyokuwa nayo, na ndizo zilizomwambia kila asubuhi kwamba ni mtu wa kundi fulani. Johnny anazikata kwa kisu kilekile, akizivutavuta kama anayekata kamba, kisha anazimwagia dawa hadi zikawa na rangi ya majani makavu, na Ponyboy anajiangalia akamwona mtoto mdogo, mweupe, mwenye hofu, ambaye hakuwahi kumjua. Mwandishi hamwachi ajifariji upesi. Anamwacha akae na uso huo siku kadhaa, bila genge, bila mtaa, bila mafuta kichwani, akisoma kwa sauti na kutazama mapambazuko pamoja na Johnny, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuyaona mawingu mpaka alipoonyeshwa.

Kisha kanisa likashika moto, na ndani wamo watoto wa shule waliokuja matembezini. Wale wawili wanaingia kupitia dirishani na kuwatoa. Paa linaanguka, na Johnny anavunjika mgongo. Mwalimu mmoja, akiwa na Ponyboy ndani ya gari la wagonjwa, kwa mshangao na shukrani, anataka kujua wao ni watu gani hata wakathubutu jambo lile. Na kijana, ambaye hana tena nywele wala alama yoyote ya kundi lake, anajibu kwa urahisi kwamba wao ni Greasers. Jina alilokuwa akilibeba kwa aibu mbele ya wenye nacho na kwa majivuno mbele ya wenziwe, sasa analitamka kama mtu anayetaja mtaa alikozaliwa. Kujikubali, kwa jinsi kitabu hiki kinavyokufahamu, kumefika hapo. Hakukuja kwa kujipongeza mbele ya kioo, wala kwa mtu kumwambia kwamba yeye ni wa thamani, bali kwa siku chache za kuonwa na rafiki ambaye naye alikuwa hana kitu.

Yako mengi ya kukisahihisha. Moto ule umetokea kwa bahati ya kupita kiasi; vifo vimefuatana karibu mno; na wanawake wote ukiwajumlisha hawajazi sura mbili, jambo la kusikitisha kwa kuwa mwandishi ni mwanamke na Cherry wake ni hodari kuliko wanaume wengi walioandikwa na wanaume. Walakini hisia nyingi mno, ambazo mhakiki wa makamo huzihesabu kuwa kosa, ndizo kipimo halisi cha umri ule. Na kijana wa miaka 16 aliyeandika kwamba wavulana wanalia, tena wanalia mbele ya wenzao, aliwapa wavulana wengi ruhusa ambayo baba zao hawakuwapa. Wamekuwako wazazi huko Marekani waliotaka kitabu kiondolewe katika maktaba za shule kwa sababu ya sigara, pombe na visu vilivyomo. Naifahamu hofu yao, na siifanyii dharau, lakini naona wamehesabu visu wakasahau kuhesabu majuto yaliyofuata kila kisu. Kwa upande mwingine, mwaka 1980 mkutubi wa shule ya Lone Star, karibu na Fresno huko California, alimwandikia Francis Ford Coppola barua iliyotiwa saini na wanafunzi, wakimsihi akifanye kitabu hiki kuwa filamu. Naye akaenda Tulsa yenyewe akaifanya, ikatoka mwaka 1983. Mwaka 1988 Hinton alikuwa wa kwanza kupewa Tuzo ya Margaret A. Edwards, inayotolewa kwa waandishi wa vijana, na mwaka 2024 mchezo wa muziki uliotokana na riwaya yake ukashinda Tuzo ya Tony. Ni safari ndefu kwa daftari la mwanafunzi.

Miaka kumi baada ya Hinton, Katherine Paterson alitoa Bridge to Terabithia, akiwaandikia watoto wadogo zaidi, baada ya rafiki wa mwanawe kuuawa na radi. Jess, mtoto wa shamba katika Virginia, huficha michoro yake kwa kuwa babaye haoni kuwa ni kazi ya mwanamume. Leslie, msichana mgeni kutoka mjini, anaingia katika mbio za wavulana bila kualikwa akawashinda wote. Ungedhani Jess angemchukia. Badala yake wanafanya ufalme wao wa kubuni ng'ambo ya kijito, na pale Leslie anapokufa kwa kukatika kamba waliyozoea kuvukia, Jess anajenga daraja, na anayemvusha wa kwanza ni mdogo wake, yule aliyekuwa akimfukuza kila mara. Nakitaja kwa sababu kinakamilisha alichokianza Hinton: rafiki asiyetarajiwa haondoki na kile alichokigundua ndani yako, na unaweza kumpa mwingine.

Turudi kwa Cherry. Baada ya kifo cha Bob, yeye ndiye anayewapelekea Greasers habari za mipango ya Socs, kwa hatari yake mwenyewe. Lakini Ponyboy anapomwomba aende kumtazama Johnny hospitalini anakataa, kwa kuwa Johnny amemuua mtu aliyempenda. Ponyboy anakasirika, akamwambia maneno ya kuumiza, akamwona ana machozi, akatulia. Ndipo akamwuliza kama machweo yanaonekana vizuri upande wa magharibi. Cherry akasema yanaonekana. Naye akamjulisha kwamba mashariki nako yanaonekana vizuri. Hawakupatana juu ya lolote zaidi ya hilo, na mwandishi hakuwalazimisha. Na Randy, rafiki wa marehemu Bob, alipomwita Ponyboy garini mwake kumweleza kwamba hatapigana tena, kwa kuwa kushinda au kushindwa hakutabadili chochote, vijana hao wawili waliachana bila kupeana mikono. Naona huu ni ujasiri wa mwandishi. Tabaka halivunjwi na mazungumzo ya jioni moja, na msomaji kijana akiambiwa kwamba huvunjwa, siku atakapoiona dunia ilivyo atakitupa kitabu pamoja na urafiki wenyewe.

Johnny anakufa. Dallas, asiyeweza kustahimili, anachomoa bastola isiyo na risasi mbele ya polisi, naye akauawa. Ponyboy anaugua, na akili yake inakataa kukubali. Anajisingizia kuwa yeye ndiye aliyemchoma Bob, na anaanza kuwa mgumu. Siku moja, nje ya duka, Socs watatu wanamjia, naye anavunja chupa ya soda, akawaelekezea shingo yake yenye ncha, akawaambia waondoke. Wakaondoka. Mwenziwe, Two-Bit, anatazama kwa hofu akidhani kwamba Dallas mwingine amezaliwa. Kisha anamwona Ponyboy ameinama chini, anaokota vipande vya vioo kimoja kimoja. Anamwuliza anafanya nini, naye anajibu kwamba hataki mtu apasukiwe na tairi. Two-Bit anashusha pumzi. Katika kitabu chote hakuna mahali pengine ambapo mwandishi ameonyesha kwa uwazi zaidi kwamba kijana huyu ni mtu wa namna gani, na yeye mwenyewe anayeokota hajui kwamba ameonyesha lolote.

Barua ya Johnny inapatikana baadaye, imewekwa ndani ya kile kitabu cha hadithi walichokisoma kanisani. Humo Johnny anamweleza kwamba hakujuta kuwaokoa wale watoto, na anamsihi asiache kuyatazama mambo kwa macho mapya, kama anavyoyatazama machweo; na amweleze Dallas vivyo hivyo. Ponyboy anafikiri juu ya mamia ya wavulana wa miji mingine wanaokufa wakiwa na kovu usoni, wasipate hata mmoja wa kuwasimulia. Mwalimu wake wa Kiingereza, Bw. Syme, alikuwa amemwahidi kumpitisha katika somo lake akimletea insha nzuri. Usiku huo kijana anampigia simu akimwuliza insha iwe na urefu gani; anajibiwa isipungue kurasa tano. Anauliza kama inaweza kuzidi. Mwalimu anamwambia kwamba anaweza kuandika kadiri apendavyo, naye anaweka simu chini, anachukua kalamu, na maneno anayoanza kuyaandika ndiyo yaleyale yaliyofungua ukurasa wa kwanza wa riwaya.